Shuka

Kondo kaja na karatasi inayong'aa
toka kwa wakala mmoja pale Samora,
kaiweka kati ya dagaa na bakuli la mchicha,
kaifuta tone la mafuta kwa kiganja.
Meli nyeupe, ghorofa kumi na tatu, bwawa kileleni.
"Maji juu ya maji," Shomari kacheka,
"kama mtu kuvaa kanzu juu ya kanzu."
Chausiku keshahesabu madirisha, kakwama mia mbili na kumi.
"Wewe ndiye mwenyeji wa mameli," mume wangu kaniambia.
"Sema. Ni likizo ya kufaa familia,
au tunakwenda kutupa hela baharini?"

Nikanawa kwanza.
Jibu la namna hii halitolewi na vidole vyenye mchuzi.

Miaka sita nilifanya kazi ndani ya kitu kama hicho,
chini kabisa, ambako dirisha ni bomba la mvuke
na alfajiri ni kengele.
Bahari sikuijua. Nilijua shuka.
Kila familia iliniandikia barua kitandani, bila kujua:
shuka yenye mchanga, hao walicheza;
shuka yenye chokoleti, yenye matapishi ya usiku wa mawimbi;
vitanda viwili vilivyounganishwa jioni,
asubuhi vimetengana,
hao niliwaombea dua huku napiga pasi.

Basi sikieni. Mazuri yake yapo.
Baba hawezi kusema "natoka kidogo, narudi sasa hivi."
(Kondo akawatazama dagaa.)
Aende wapi? Kote maji.
Yupo bwana mmoja, siku ya kwanza anaigombeza simu,
siku ya pili mtandao umekata,
siku ya tano binti yake anamfundisha
kusuka nywele za mwanasesere.
Na chakula hapiki mama. Hilo peke yake
ningelilipia nauli ya kwenda na kurudi.

Mabaya nayo yapo, msinitolee macho.
Watoto wanawekwa chumba cha michezo toka asubuhi,
wazazi nao wako chumba chao cha michezo.
Bibi kasahauliwa kwenye kiti cha kukunja,
kaungua shavu moja.
Miji inagawiwa kwa saa:
shuka, piga picha, panda.
Mtu atasema nilifika mji fulani,
kumbe alifika dukani.

Na mimi? Sikukuu zao zilikula zangu.
Chausiku aliota jino la kwanza
siku niliyokunja taulo likawa tembo,
tembo wa mtoto wa watu.
Kesho yake likarudi kufuliwa,
sikioni lina alama za meno madogo.
Nikalishika muda mrefu. Msimamizi akapiga makofi.

Feni inasaga joto la Mtoni.
"Sasa ni ndiyo au hapana?" Shomari kauliza.
Chausiku yeye kauliza lingine:
"Tukienda, nani atatufulia?"

Sikuwa na jibu.
Kondo akaikunja karatasi mara nne,
akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza unaoyumba.

Jumamosi akafunga geti, simu akaizika kwenye pipa la mchele.
"Tumeng'oa nanga," akatangaza, kavaa kofia ya harusi.
Nahodha huyo akapika wali, ukaungua.
Saa mbili umeme ukakatika,
tukalala wanne chumba kimoja, mlango wazi,
tukibishana nani anakoroma.
Mbali, bandarini, honi ikalia.
Hakuna aliyeitaja.

Asubuhi nikatandua kitanda.
Punje za ukoko. Doa la juisi ya ukwaju.
Unywele mmoja mweupe wa Kondo, sikuwahi kuuona.
Nikakaa ukingoni, nikaisoma taratibu,
mpaka mwisho.

Ndoo ilikuwa imejaa maji.
Niliiacha mpaka Jumatatu.